Risasi za teke dogo: kabla hujapunguza baruti, jua unachopunguza

Binti wa miaka 13 alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka wa uwanja wa shabaha, kitako cha bunduki ya .243 kikiwa begani, baba yake amechuchumaa pembeni. Risasi nne za mwanzo zilitua chini ya shabaha, na ya tano ikapiga udongo. Baba, mzaliwa wa Kivu aliyeletwa Colorado na ukimbizi, akaniambia, "Mwalimu, macho ya mtoto ni mazima. Bunduki ndiyo imepinda."

Niliichukua bunduki, nikageuka asione ninachofanya, nikatia risasi bandia isiyo na baruti wala fataki (kile kidonge cha kitakoni mwa risasi kinachowasha baruti), nikamrudishia. Alishusha pumzi, akafyatua. Ilisikika "ta" ya chuma, basi. Lakini mdomo wa mtutu ulishuka upana wa vidole viwili, macho yakafumba, na bega likajisukuma mbele kulikabili pigo ambalo halikuja.

Baba aliona mwenyewe. "Anaogopa teke," akasema kwa sauti ya chini.

Wiki iliyofuata alirudi na swali ambalo ofisini kwetu, kwenye elimu ya wawindaji, tunaulizwa na wazazi wengi wanaozungumza Kiswahili huku Marekani. Kijijini kwao babu aliwinda na gobore. Gobore likikupiga sana, unapunguza baruti. Sasa amenunua vifaa vya kujaza risasi nyumbani. Je, apunguze tu?

Jibu ni kwamba kupunguza teke kunawezekana, na kwa bega changa ni jambo jema. Ila baruti ya gobore na baruti iliyo ndani ya risasi ya .243 haziendi kwa desturi moja, na anayepunguza kwa kukisia anaweza kuharibu bunduki, kuumiza mtoto, au kumwacha mnyama akiondoka na jeraha.

Tuanze na teke lenyewe. Bunduki hurudi nyuma kwa sababu kuna vitu vinavyotoka mbele: kichwa cha risasi, na gesi ya baruti inayokisukuma. Wengi huisahau gesi, nayo mchango wake si mdogo. Chukua .243 Winchester, risasi iliyoingia sokoni mwaka 1955 na ambayo kwa watoto wengi wa huku ndiyo bunduki ya kwanza ya kuwindia kulungu. Kichwa chake cha kawaida kina gramu 6.5 na hutoka kwa kasi ya karibu mita 900 kwa sekunde. Baruti ni kama gramu 2.7, na gesi yake hutoka kwa kasi kubwa kuliko kichwa chenyewe. Kwenye bunduki ya kilo 3.4, yote hayo hufika begani kama jouli 12 hivi (jouli ni kipimo cha nishati). Bunduki ya .30-06 yenye kichwa kizito hupiga zaidi ya mara mbili ya hapo. Mtu mzima akisikia jouli 12 atasema si kitu. Mtoto wa kilo 40, shavu likiwa juu ya kitako na mlio wa zaidi ya desibeli 150 kando ya sikio, atasema vingine.

Huo mlio nauweka hapa makusudi. Nimeona watoto wengi waliosemekana wanaogopa teke kumbe wanaogopa kelele. Kabla hujagusa baruti, mvalishe vizibo vya masikio, kisha juu yake vile vifuniko vikubwa, vyote viwili kwa pamoja. Hakikisha kitako hakijamzidi urefu wa mkono, na mpira wa kitakoni ni laini. Mwanzishe na bunduki ndogo ya .22, ambayo teke lake halihesabiki. Wapo ambao tatizo liliishia hapo, na baba hakulazimika kununua hata mzani wa baruti.

Likibaki, ndipo tunazungumzia risasi yenyewe. Tupige hesabu nyingine, na naomba ieleweke kwamba ni hesabu ya kuonyesha tu, si kipimo cha kunakili. Kichwa kikiwa cha gramu 5.2, kasi ikishuka hadi mita 750 kwa sekunde, na baruti ikawa gramu 2 badala ya 2.7, teke kwenye bunduki ileile linashuka hadi jouli 6 hivi. Ni nusu. Kichwa chepesi, mwendo mdogo na gesi kidogo vimesaidiana, na ndiyo maana punguzo ni kubwa kuliko mtu angelitarajia kwa kupunguza robo tu ya baruti.

Sasa turudi kwa gobore la babu. Baruti yake ni ile nyeusi, inayopimwa kwa ujazo: kifuniko, pembe, kiganja. Ukipunguza, nguvu inapungua, mambo yameisha. Baruti ya kisasa isiyo na moshi ina nguvu kubwa zaidi kwa uzito uleule, hupimwa kwa mzani na si kwa kifuniko, na kila aina ina kasi yake ya kuungua. (Asiyejua tofauti hii akaimimina baruti ya kisasa kwenye gobore kwa kipimo cha babu, gobore litampasukia usoni. Hilo halina mjadala.)

Zile baruti za kisasa zinazoungua polepole zimekusudiwa zijaze ganda la risasi karibu lote. Ukiweka kidogo, ganda linabaki na uwazi mkubwa, na bunduki ikilala, baruti nayo inalala ubavuni mwa ganda kama mchanga ndani ya chupa iliyolazwa. Moto wa fataki unapita juu yake badala ya kuingia kwa nyuma. Mara nyingine baruti inawaka vibaya na risasi inatoka imechoka. Lakini zipo bunduki zilizopasuka zikiwa na kipimo kidogo cha baruti ya polepole, shinikizo lilipopanda ghafla kupita kiasi. Wataalamu wanabishana kuhusu kinachotokea ndani ya ganda kwa sehemu hiyo ya sekunde. Kuhusu katazo hawabishani. Viwanda vya baruti huchapa kipimo cha chini kabisa kwa kila aina, na kwa baruti za polepole usishuke chini yake hata kidogo.

Wanaopunguza teke kwa usalama hutumia baruti ambayo kiwanda chenyewe kimeiidhinisha kwa kazi hiyo. Inayojulikana zaidi ni H4895 ya Hodgdon, ambayo kiwanda kimetangaza kanuni yake: asilimia 60 ya kipimo cha juu kabisa kilichochapwa kwa risasi yako, na hapo ndipo mwisho wa kushuka. Kanuni hiyo ni ya baruti hiyo. Usiihamishie kwenye kopo jingine kwa kuwa rangi na punje zinafanana, wala kwenye kopo lenye jina linaloelekea kufanana. Soma lebo, kisha isome tena. Na vipimo vichukue kwenye kitabu au tovuti ya kiwanda. Cha jirani mwachie jirani.

Ipo hatari nyingine, na hii niliiona kwa macho yangu mwaka ule nilipokuwa najifunza. Kipimo kidogo kinaacha nafasi ya kutosha ndani ya ganda kuingiza kipimo cha pili bila kumwagika. Nilikuwa nimepanga maganda 50 kwenye kibao, midomo juu, nikijaza moja baada ya jingine. Simu ikalia. Niliporudi niliendelea pale nilipodhani nimeishia. Aliyekuwa akinifundisha alinisimamisha kabla sijaweka kichwa hata kimoja, akazima taa ya chumba, akamulika kurunzi ndani ya kila ganda. Kwenye safu ya tatu lilikuwepo ganda moja ambalo baruti ilikuwa imefika karibu na shingo, wenzake wote wakiwa nusu. Hakusema neno. Aliyamwaga yote 50 kwenye bakuli, akanirudisha mwanzo.

Tangu siku ile simu yangu haiingii kwenye chumba cha baruti, na kurunzi haitoki. Kopo moja tu la baruti huwa juu ya meza. Mzani hupimwa kwa jiwe lake kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Na mtu aliyechoka au aliyekunywa hajazi risasi.

Kosa la upande wa pili ni ganda lisilo na baruti, au lenye baruti kidogo mno. Fataki peke yake inaweza kukisukuma kichwa hadi ndani ya mtutu kikakwama humo. Mpigaji anasikia "puu" hafifu badala ya mlio, haoni tundu kwenye shabaha, anadhani amekosa, anapakia nyingine. Hiyo ya pili inaikuta njia imezibwa, na mtutu unapasuka. Mfundishe mtoto sauti hii kabla ya kumfundisha kulenga: mlio ukiwa hafifu kuliko kawaida, simama, mtutu ubaki umeelekea kwenye tuta la shabaha, subiri, toa risasi zote, kisha mtu mzima achungulie mtutu kutokea nyuma, kifungio kikiwa kimetolewa.

Tuseme yote hayo umeyafanya sawasawa. Risasi zako zinapiga kwa adabu, binti anatabasamu, matundu yamekusanyika mahali pamoja. Hapo ndipo wazazi wengi hufanya kosa ambalo kwangu ni zito kuliko yote: wanazichukua risasi zilezile hadi mlimani kuwindia kulungu.

Rudi kwenye hesabu yetu. Kichwa cha gramu 5.2 kwa mita 750 kinatoka mtutuni na nishati ya karibu jouli 1,460. Kanuni za Colorado kwa wanyama wakubwa zinataka kipenyo kisichopungua inchi .24, kichwa cha angalau greni 70 kwa kulungu, yaani gramu 4.5, na nishati ya futi-pauni 1,000 kwenye yadi 100. Hizo ni jouli 1,356 kwenye mita 91. Hewa huipunguzia risasi mwendo haraka. Hadi kufika mita 91, risasi yetu ya mfano itakuwa imeshuka chini ya kiwango. Kwa mazoezi ni risasi nzuri kabisa. Kwa kulungu wa Colorado ni kosa la kisheria. Kwa yule mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu anayeitwa elk hata uzito wa kichwa hautoshi, maana kwake kinatakiwa greni 85.

Na sheria kando, yupo mnyama mwenyewe. Kichwa cha kuwindia kimeundwa kichanue kama uyoga kinapoingia mwilini, na kuchanua huko kunahitaji mwendo. Kikifika kimechoka kinapita kama msumari, kinaacha tundu jembamba. Kulungu anakimbia, damu ni matone machache, na familia inazunguka vichakani hadi giza bila kumpata. Kiwanda cha vichwa huandika mwendo wa chini ambao kichwa chake kinachanua. Utafute, uulinganishe na mwendo wa risasi yako kwa umbali utakaopigia, na usipokuwa na kifaa cha kupima mwendo, azima kwenye uwanja wa shabaha. Wasiotaka mahesabu haya wanaweza kununua risasi za kiwandani za teke dogo, kama Custom Lite za Hornady, kisha wasome namba za nishati zilizochapwa na kuzipima kwa kanuni ileile.

Kuhusu sheria ya kujaza zenyewe: Marekani, sheria ya shirikisho haihitaji leseni kwa mtu anayejaza risasi za matumizi yake. Akianza kuziuza kama biashara, anahitaji leseni ya utengenezaji. Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni hili: aliyeko hapa kwa viza ya muda, ya masomo au matembezi, kwa kawaida anakatazwa na sheria ya shirikisho kumiliki bunduki na hata risasi peke yake, isipokuwa aangukie kwenye msamaha maalum, na leseni halali ya kuwinda ni mmojawapo. Aliyepokewa kama mkimbizi na mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu hawahusiki na katazo hilo. Asiye na hakika na hati zake amwone mwanasheria wa uhamiaji kabla hajanunua hata boksi moja. Kosa hapa linaweza kumgharimu mtu ukaazi wake. Kuwinda nako kuna mafunzo yake: Colorado, kila aliyezaliwa tangu Januari 1, 1949 lazima awe na cheti cha elimu ya wawindaji ndipo anunue leseni. Na msomaji aliyeko nyumbani asiyachukue haya kama ruhusa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, na Tanzania, chini ya sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, kutengeneza risasi bila kibali ni kosa.

Yule binti alifanya mazoezi majira yote ya joto kwa risasi za teke dogo, 20 kwa siku na si zaidi, kwa sababu bega lililochoka hujifunza woga upya. Kila baada ya chache nilichomeka ile bandia bila yeye kujua. Mwezi wa Agosti mtutu uliacha kushuka. Septemba tulimpa risasi tatu za kawaida, zile zinazotimiza kanuni, na tukarekebisha darubini kwa ajili yake, maana risasi mbili za mwendo tofauti hazitui mahali pamoja hata zikipigwa na bunduki moja.

Baba yake sasa ana maboksi mawili kabatini, yamefungiwa mbali na bunduki. Kwenye kila moja amebandika karatasi yenye jina la baruti, uzito wake, kichwa, na tarehe. La bluu ameandika kwa herufi kubwa MAZOEZI TU. Lekundu ameandika KULUNGU, na ndilo pekee linaloruhusiwa kuingia kwenye gari mwezi wa Oktoba.