"Msitu ni mkubwa" si sababu ya kuhamisha kambi

Kiangazi kikiingia, lalamiko la wanaopiga kambi msituni huja lilelile: "Mbona mmetufungia sehemu zetu? Hapa pakichakaa si tunahamia pale mbele, papumzike? Msitu wenyewe mkubwa!" Linatoka kwa viongozi wa skauti, kwa vikundi vya makanisa, na siku hizi hata kwa wenzetu wa ofisini. Nalijibu hapa kwa kirefu, kwa sababu langoni, gari likiwa linaunguruma, halijibiki.

Mkulima wa Tabora anajua kupumzisha shamba, na yuko sahihi. Lakini kambi si shamba. Shamba huchoka kwa kunyonywa rutuba, kambi huchoka kwa kukanyagwa, na sehemu kubwa ya madhara hutokea siku chache za mwanzo. Hema moja likikaa siku tatu mahali papya, majani makavu yamesagika, nyasi zimevunjika, na miche ya mninga na mtundu isiyofika goti imelala chini. Mvua ya Novemba inapiga udongo mtupu na kuziba vitundu vyake. Siku ya thelathini haiongezi mengi, maana cha kuharibika kimeshaharibika. Mwaka 1982 mtafiti David Cole alichapisha vipimo vya kambi za hifadhi ya Eagle Cap, Oregon, Marekani: kambi zilizotumika mara chache zilikuwa zimeumia karibu sawa na zilizotumika sana. Kwa hiyo vikundi kumi vikitumia maeneo matatu yaleyale, una maeneo matatu mabovu. Ukiviachia vihame kila safari, ndani ya misimu miwili utakuwa na ishirini, na hakuna hata moja lililopona.

Nikiri kwamba miti ya Oregon si miombo, msitu wetu huu wa mitundu na mininga. Miombo huchipua upya kutoka kwenye mizizi na visiki, na ndiyo maana eneo lililoachwa linapendeza mapema. Kijani hicho ndicho kinachowadanganya watu! Usitazame machipukizi ya mizizi ya zamani. Tafuta miche iliyoota kwa mbegu, na tafuta uyoga. Mitundu na miyombo huishi kwa kushirikiana na kuvu kwenye mizizi yake, na uyoga mwingi ambao akina mama huuza kando ya barabara masika ni wa kuvu hao. Eneo lenye nyasi za kijani lakini halina mche wala uyoga, bado halijapona.

Kipimo changu ni kopo la maziwa ya unga lililotolewa kitako. Lididimize sentimita 5, mimina nusu lita ya maji, hesabu muda. Kisha nenda hatua thelathini msituni, pasipokanyagwa, urudie. Fanya mara tatu kila upande, maana kopo likiangukia tundu la mchwa litakupa jibu la uongo. Maji yakizama upesi kule na huku yakasimama kama kwenye sufuria, hapo pameshindiliwa.

Kufunga eneo si kuweka kibao tu. Ondoa mafiga yote na tawanya mawe, kwa sababu figa moja likibaki ni mwaliko. Legeza udongo kwa sururu kina cha sentimita 15, rudisha majani makavu hadi ardhi isionekane, kisha laza matawi yenye miiba na gogo moja zito mahali hasa hema lilipokuwa linakaa. Ziba pia njia ya kuingilia, kwenye hatua kumi za mwanzo zinazoonekana kutoka barabarani. Kuhusu sururu nina shaka. Mizizi ya miombo ikikatwa huchipua, na hilo ni jema, lakini karibu na shina la mti mkubwa unaweza kuuumiza kuliko kuusaidia. Mimi huishia pale matawi yanapoishia. Wenzangu wengine hawalegezi kabisa, na siwezi kuwaambia wamekosea.

Maeneo yanayobaki yachaguliwe vizuri. Udongo wa kichanga wenye mwinuko kidogo, kamwe si ukingo wa mbuga, yaani bonde la udongo mweusi, maana udongo huo mvua moja tu unakuwa tope. Umbali wa mita 60 kutoka mtoni ni sheria. Moto uwe sehemu moja, mbali na visiki: mzizi mkavu ukishika huungua chini kwa chini na kuibukia kwingine watu wameshaondoka. Kuzima ni ndoo ya lita 20: mimina nusu, koroga majivu, mimina iliyobaki, gusa kwa mgongo wa kiganja. Pakiwa pa moto, rudia.

Sasa malalamiko yenyewe. Mengi tunayazalisha sisi kwa kuandika HAPARUHUSIWI na kunyamaza. Kibao kiseme mambo manne: kimefungwa nini, kwa nini, hadi lini, na mgeni aende wapi. La nne ndilo linalosahaulika, na ndilo linalomfanya mtu aliyefika saa kumi na mbili jioni na watoto kumi na wawili apige hema palepale palipofungwa. Barua kwa vikundi zitoke miezi mitatu kabla, si siku wanapofika. Mtu akikuuliza, "Mbona mwaka jana mliruhusu?" usimtajie kifungu cha sheria. Mpe kopo na maji, apime mwenyewe.

Lipo lalamiko moja ambalo ni la haki kabisa: kelele. Tukikusanya watu maeneo machache, aliyekuja kutafuta utulivu analala akisikiliza kwaya ya jirani, na hasara hiyo tumemtwisha sisi. Sijapata dawa kamili. Acha angalau hatua sitini kati ya kambi na kambi, na vichaka vya katikati visifyekwe. Wenye ngoma na spika wapewe eneo la mwisho upande wa magharibi, maana kiangazi upepo wetu mwingi hutoka mashariki na husukuma sauti mbele. Vyoo vya shimo viende upande huohuo, lakini visiwe karibu na hao wenye ngoma, nao wamelipa.