Utamu wa wanzuki si kipimo cha asali

Aliyeonja wanzuki wangu, pombe ya asali, Jumamosi akasema, "Fundi, asali umetubania," si wa kwanza. Hapa Dodoma mvinyo mwekundu wa sukari umetuharibu ndimi. Nimechoka kulieleza hili kwa mdomo, basi soma.

Utamu unaoutafuta umeliwa. Hamira hula sukari, ikatoa kilevi na gesi, basi. Asali ina sukari kama asilimia 80. Tia kilo moja kwenye ndoo, ongeza maji hadi ujazo wa lita 4, uiache imalize kazi yake: kilevi kitafika asilimia 12 hivi, na ulimi hautakuta sukari. Kinachobaki ni harufu ya maua. Kwa harufu hiyo, asali ya misitu ya Itigi inatosha, ila usiichemshe ukaifukuza.

Sasa ule mtamu wa vibandani. Mara nyingi umeuzwa haujaiva, bado unachachuka ndani ya chupa, ndiyo maana chupa zenyewe zimetuna. Au umeiva, mtu akautia sukari ya dukani. Kuna njia ya haki pia: kujaza asali nyingi mpaka hamira ishindwe na kilevi ilichokitoa yenyewe, sukari nyingine ibaki. Ni gharama kubwa. Piga hesabu mwenyewe kama hiyo ndiyo unayoipata kwa bei ya soda.

Kinachoninyima usingizi ni kingine. Asali ina sukari tele, lakini naitrojeni, kirutubisho kinachohitajiwa na hamira, ni haba mno, kwa hiyo huchachuka kwa kusuasua, na pengine hukwama katikati ikanuka mayai viza. Wazee walitumbukiza masega yaliyopondwa, chavua (vumbi la maua) na vyote, na chavua ina protini, yenye naitrojeni hiyo. Sisi tunachuja asali mpaka ing'ae, kisha tunashangaa pipa limelala. Mapipa yangu yenye masega huwahi. Lakini masega huleta pia hamira za mwituni, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ni chavua.

Na mnaouliza kama wanzuki unapofusha kama gongo: kinachopofusha ni methanoli, kilevi chenye sumu, na ile ya uchachushaji hutokana hasa na pektini ya matunda, kile kinachogandisha jamu, na asali haina pektini ya kutaja. Maafa mengi ya gongo huanza pale mtu anapochanganya spiriti ya viwandani. Ndoo yangu haina hata mtambo wa kukenekea gongo.

Ukitaka utamu, nitakuongezea kijiko cha asali kwenye glasi. Utakilipia.