Akidi ya nyuki, akidi ya seva

Akidi tumeizoea vikaoni. Ibara ya 121 ya Katiba ya Kenya, kwa mfano, inataka wabunge 50 ndipo Bunge la Taifa liwe na akidi. Nyuki nao wana akidi, tena bila mwenyekiti wa kuhesabu.

Nyuki wakihama, bumba zima, pengine nyuki 10,000, huning'inia tawini huku wapelelezi mia chache wakisaka makao. Aliyeona pango zuri la mti hurudi kucheza ngoma inayoonyesha upande na umbali. Pango likimpendeza sana, hucheza kwa muda mrefu zaidi. Martin Lindauer aliyachunguza haya Ujerumani miaka ya 1950. Baadaye Thomas Seeley wa Chuo Kikuu cha Cornell akatafuta jibu la swali ninalolipenda kuliko yote: wanajuaje kwamba wameshakubaliana? Hawangoji ngoma zote ziwe moja. Huhisi wingi wao palepale pangoni. Wakiwapo 20 hadi 30 kwa pamoja, hurudi bumbani na kutoa mlio mwembamba unaowahimiza wenzao wapashe moto misuli ya mabawa, kisha wote huruka. Kinachowakinga na kosa ni kwamba anayevutwa na ngoma huenda kwanza kukagua pango mwenyewe.

Hata bakteria wa kipindupindu hupimana wingi, kwa kemikali wanazotoa. Wakiwa wachache huung'ang'ania utumbo. Wakijaa, huuachia na kutoka.

Kwenye kompyuta, akidi ya wachache ni hatari. Chukua benki yenye seva tano zinazotunza hesabu ileile. Mtandao ukikatika, tatu zikabaki huku na mbili kule, pande zote mbili zikiendelea kuamua, fedha zilezile zinaweza kutolewa mara mbili. Kwa hiyo kila uamuzi unahitaji seva tatu. Makundi yoyote mawili ya seva tatu kati ya tano lazima yawe na angalau seva moja ya pamoja, nayo ndiyo inayokumbuka kilichoamuliwa awali. Zile mbili, hata zikiwa nzima kabisa, hunyamaza mpaka mawasiliano yarudi.

Ofisi zikiniuliza kama seva mbili zinatosha kwa kazi hiyo, huwa nasisitiza ya tatu. Kwa mbili, zaidi ya nusu ni mbili: moja ikizimika, kazi imesimama. Kwa tatu, moja inaweza kufa na kazi ikaendelea. Ya nne haiongezi uvumilivu wowote, kwa sababu akidi nayo imepanda kuwa tatu.