Usiiachie kamera ikuamulie picha ya mwezi

Kila mwezi ukiwa mpevu natumiwa picha WhatsApp, za Mbeya mjini, Tukuyu, Iringa, na karibu zote ni zilezile, anga jeusi katikati kuna kitone cheupe kama taa ya barabarani. Shida sio kamera yako jamani, shida umeiacha kwenye auto, ikajipangia mwanga yenyewe.

Iko hivi. Mwezi hauna mwanga wake, unapigwa na jua hilihili linalotuwakia mchana. Kwahiyo hata kama wewe umesimama gizani pale Uyole, Mbeya, unatetemeka na baridi ya Juni, unachokipiga ni mwamba ulioko juani. Kamera yenyewe inaona fremu karibu yote nyeusi, inadhani mwanga hautoshi, inaongeza weee mpaka mwezi unaungua.

Weka manual, upange mwenyewe. Anza na ISO 100 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), f/11 (upana wa tundu la lenzi, namba ikiwa kubwa tundu ni dogo), shata 1/100 (muda wa kupokea mwanga, yaani moja ya mia ya sekunde), au f/8 na 1/200, alafu zum kwenye skrini uangalie, ukiona bado mweupe sana ongeza spidi. Usiende kwenye shata za sekunde nzimanzima maana mwezi unatembea, kwa kama dakika mbili tu unakuwa umesogea upana wake wote. Fokasi weka kwa mkono, funga kwenye stendi, tumia taima ya sekunde 2 ili kidole kisitikise.

Lenzi nayo ina maneno yake: kwenye lenzi ya mm 50 (namba iliyoandikwa kwenye lenzi) mwezi unaangukia kwenye sensa, kile kibati cha ndani kinachonasa picha, kwa ukubwa wa nusu milimita hivi, mm 300 ndo unakaribia milimita 3. Wa simu, gusa mwezi ushikilie, alafu teremsha kile kialama cha jua mpaka madoa yatokee.

Ukipatia utaiona Tycho, shimo lenye michirizi myeupe iliyotawanyika pande zote, na kwetu huku Mbeya mwezi ukiwa ndo unachomoza inakaa upande wa kulia, sio chini kama kwenye picha nyingi za Ulaya. Mimi hiyo michirizi huwa siichoki.

Ila kama unachotaka ni mashimo yenye kina, usisubiri mpevu, jua linakuwa linaupiga usoni na vivuli hakuna. Piga ukiwa nusu, spidi ya shata ipunguze, 1/30 hivi kwa f/8 ileile, na lenga pale mwanga unapokutana na giza.