Mkaa mbadala wa mabaki ya miti: dhana potofu na ukweli

Dhana: Mabaki ni mabaki, yote yanafaa.
Hapana. Maranda ya karakana za mbao za Keko, Dar es Salaam, huchanganyika na mbao zilizopakwa rangi, vanishi au dawa ya mchwa, na MDF, yaani mbao za kiwandani za unga wa mbao ulioshikwa kwa gundi. Hizo zitengwe kabisa. Moshi wake una sumu. Kwenye mashamba ya miti nako, kama Ruvu au Sao Hill, chukua vilele na matawi manene. Majani na vijiti viachwe vioze, kwani vimebeba rutuba nyingi ukilinganisha na uzito wake.

Dhana: Ukianika siku mbili tatu, inatosha.
Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Kilo moja ya kuni hiyo hutoa takribani nusu tu ya joto la kilo moja iliyokauka, maana sehemu kubwa ya kilo hiyo ni maji, na moto huanza kwa kuyachemsha. Mashine ya kushindilia unga wa mbao bila gundi inataka unyevu wa asilimia 8 hadi 12. Ukizidi, mvuke hupasua vipande vikitoka. Kwa hewa ya Dar, hasa masika, jua peke yake halitoshi. Kikaushio cha moto kinahitajika.

Pima hivi: chukua gramu 200, kausha kwenye oveni kwa nyuzi 105 mpaka uzito usipungue tena. Zikibaki gramu 170, unyevu ulikuwa asilimia 15.

Dhana: Uji mwingi wa muhogo ndio uimara.
Uji huo ndio gundi ya vipande vya unga wa mkaa, yaani mabaki yaliyochomwa kuwa mkaa kisha kusagwa. Kwa kilo 10 za unga huo, gramu 500 hadi 800 za unga wa muhogo zinatosha, zikipikwa kwa lita 5 hivi za maji. Ukizidisha, mkaa utatoa moshi na kuota ukungu. Vipande vikivunjika, kagua chenga kwanza: saga tena, chekecha. Wanaoongeza udongo ili uzito upande wanamuuzia mteja majivu.

Dhana: Pipa la kuchomea mkaa likiacha kutoa moshi mweupe, fungua.
Moshi mweupe mzito ni mvuke. Ukigeuka mwembamba wa bluu, ziba matundu yote kwa udongo, uache usiku kucha. Ukifungua likiwa bado la moto, hewa ikiingia mkaa wote unawaka upya.

Dhana: Mkaa huu hauna moshi, kwa hiyo ni salama chumbani.
Mkaa ukiwaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi; haionekani wala hainuki, na inaua. Jiko liwe nje au penye dirisha na mlango wazi, na lisilale ndani na watu.