Kabla ya Kuchimba, Tazama Ndani ya Bomba la Majitaka

Bomba la majitaka likizibuliwa leo na kuziba tena baada ya wiki chache, usiulaumu uchafu peke yake. Mara nyingi kuna kitu kinachoukamata: mizizi iliyopenya kwenye maungio, ufa, au sehemu iliyotitia ikawa inatuamisha maji. Waya wa kuzibulia hufungua njia tu. Hauelezi chanzo. Ndiyo maana sisi tunaohudumia mitandao ya majitaka tunamsihi mwenye nyumba adai ukaguzi wa kamera kabla hajaruhusu sakafu ivunjwe.

Kamera hiyo ni ndogo, ina taa, na imefungwa kwenye ncha ya waya mgumu unaosukumwa kwa mkono kupitia chemba. Mabomba mengi ya nyumbani yana kipenyo cha milimita 100 hadi 150, hivyo hupita bila taabu isipokuwa kwenye kona kali. Picha huonekana papo hapo kwenye skrini. Lakini kuna mambo mawili ninayoyathamini kuliko ung'avu wa picha: kipimo cha mita ambazo waya umeingia, na kifaa kinachotoa mawimbi karibu na kichwa cha kamera. Kwa mawimbi hayo, fundi aliye juu ya ardhi na kipokezi chake hujua kamera iko chini ya sehemu gani na kwa kina gani, akaweka alama palepale. Fundi akikuonyesha ufa bila kukuambia ulipo, bado utachimba kwa kubahatisha.

Bomba lisafishwe kwanza. Kamera haioni ndani ya maji machafu, wala haipenyi utando wa mafuta. Kwa kawaida husafishwa kwa maji ya presha, ila bomba chakavu linalodhaniwa kubomoka litazamwe kwanza hadi kamera inapoweza kufika, maana presha kubwa yaweza kulimaliza. Wakati wa ukaguzi fungulia maji kidogo. Kamera ikizama kisha ikaibuka mbele, hapo bomba limetitia.

Kuisoma picha ndiyo kazi yenyewe, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mizizi hufuata unyevu, na mabomba ya zamani ya udongo wa kuchoma huathirika zaidi kwa kuwa yana maungio mengi. Kuikata mizizi huondoa kizuizi, lakini tundu ilikoingilia hubaki wazi, nayo huota tena. Mafuta yaliyoganda ni habari tofauti kabisa: yasafishwe, mazoea ya jikoni yabadilike, na pasichimbwe chochote. Bomba la chuma hulika kwa kutu, hasa upande wa chini maji yanakopita. Bomba lenye nyufa lakini bado lina umbo lake huweza kutandikwa bitana, yaani tabaka jipya kwa ndani, bila kuchimba. Bomba lililotitia, hapana: bitana hufuata umbo lilelile na maji yataendelea kutuama. Lililobomoka kabisa halina budi kufukuliwa.

Tusiipe kamera sifa isiyokuwa nayo. Huonyesha ukuta wa ndani tu. Haioni udongo uliomomonyoka nje ya bomba, wala picha safi haithibitishi kwamba bomba halivuji. Uvujaji hupimwa kwa kujaza bomba maji, au kwa hewa.

Omba nakala ya video nzima, si vipande vya kasoro pekee. Iwe na tarehe, mahali kamera ilipoanzia, uelekeo wake na mita zikionekana. Baada ya matengenezo, irekodiwe nyingine kuanzia mahali palepale, hapo utajua kama kazi uliyoilipia imefanyika. Anayenunua nyumba ya zamani naye afanye ukaguzi huu kabla ya kutia saini.

Jambo moja silitamki kwa upole: usiingie ndani ya chemba kutazama mwenyewe. Gesi ya salfaidi ya haidrojeni hunuka kama yai viza inapokuwa kidogo, lakini ikizidi huua uwezo wa pua kunusa, na mtu huanguka akidhani hewa imekuwa safi. Wapo waliokufa wakimfuata aliyetangulia ili wamwokoe.

Kasoro ikionekana nje ya mpaka wa kiwanja, usirekebishe kwanza. Peleka video kwa mamlaka inayosimamia majitaka ili ibainike sehemu hiyo ni wajibu wa nani, kwani kanuni hutofautiana.