Simu ifunguke haraka, lakini si kwa kibaka

Wengi wakishasajili alama ya kidole huona namba ya siri haina kazi tena. Sivyo. Kidole ni njia ya mkato. Ufunguo wenyewe ni ile namba. Simu ikizimwa na kuwashwa, haikubali kidole mpaka uingize namba kwanza, na kidole kikikataliwa mara kadhaa, inarudi kuuliza namba hiyohiyo. Aliyesajili kidole huku namba yake ni 1234 amefunga mlango wa mbele na kuuacha wa uani wazi.

Kwa kuwa kidole ndicho kinachofungua simu kutwa nzima, namba utaiandika mara chache, basi haikugharimu kitu ikiwa ndefu. Tarakimu 4 zina michanganyiko 10,000. Tarakimu 6 zina 1,000,000. Acha mwaka wa kuzaliwa.

Mchoro wa kuunganisha nukta hatuushauri. Inamisha simu kwenye mwanga wa dirisha uone mafuta ya kidole yalivyochora njia yote juu ya kioo. Na abiria aliyesimama nyuma yako kwenye daladala hukariri umbo upesi kuliko tarakimu sita.

Kidole nacho hugoma, hasa kwa wanaoshika saruji, jembe au sabuni ya kufulia, maana mistari ya ngozi hulika. Sajili gumba la kila mkono, na lile unalolitumia zaidi lisajili mara mbili, ukigusisha pia ncha na pembeni. Ukibandika kioo kipya cha kinga juu ya kisomaji cha kidole kilichomo ndani ya skrini, futa alama za zamani na usajili upya.

Kufungua kwa uso kunahitaji kupimwa. Simu nyingi za bei nafuu hutegemea kamera ya mbele peke yake. Onyesha simu yako picha ya uso wako iliyo kwenye simu nyingine. Ikifunguka, zima huduma hiyo leo.

Simu ikikwapuliwa mkononi ikiwa wazi, vyote hivyo havisaidii. Weka skrini ijifunge baada ya sekunde 30, na namba ya siri ya pesa isifanane kabisa na ya simu.

Kinachosahaulika zaidi ni laini. Kibaka huichomoa, akaiweka kwenye simu nyingine, na ujumbe wa kuthibitisha akaunti zako ukamfikia yeye. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya usalama, uwashe PIN ya laini, yaani namba ya siri ya laini yenyewe. Kwanza uliza mtandao wako namba ya kuanzia, usibahatishe: ukikosea mara 3 laini hudai PUK, namba ndefu ya kuifungulia laini iliyojifunga, na PUK ikikosewa mara 10 laini imekufa, utahitaji nyingine. Ukishaibadilisha ile namba ya kuanzia iwe yako, zima simu uiwashe, uone kama inauliza namba ya laini na ya simu pia.